Bendi yetu ya rock inatoa albamu ya kwanza bila lebo, tuitoeje?

besi_na_mabati (Nairobi)

Sasa wasee, na wakuu wote mnaopitia hapa. Nimekuwa nikisoma tu bila kuandika, leo imebidi niulize kwa sababu tumekwama na hatutaki kuharibu kitu tumekihangaikia karibu mwaka na nusu.

Sisi ni wanne, gita mbili, besi (ndio mimi) na drams. Tunapiga rock nzito kidogo na tunaimba Kiswahili, na mashairi yameandikwa kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, hatujatafsiri. Kila mtu ana kazi yake ya mchana, mmoja anatengeneza friji, mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Albamu ina nyimbo 9, dakika 38, na tuliirekodi vipandevipande kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia. Drams tulizirekodia kwa ukumbi wa kanisa siku ya Jumanne kwa sababu chumba cha studio kilikuwa kidogo sana, ukipiga humo ndani inasikika kama mtu anagonga katoni. Huo ukumbi una paa la mabati, tukiwa katikati ya wimbo wa nne mvua ikaanza, mara ya kwanza matone machache halafu ikamwagika yote, na drama wetu (mpiga drams) hakusimama, alipiga mpaka mwisho na mvua ikapungua pamoja na yeye. Fundi alitaka turudie. Tulisikiliza mara moja kwa spika tukaangaliana, hakuna mtu alisema turudie. Mvua iko kwa albamu.

Sasa miksi imeisha. Tumetumia 187,000 hadi leo, tumebaki na 42,000 na masta, ile kazi ya mwisho ya kusawazisha sauti, bado haijalipwa. Kuna jamaa amejitokeza anasema yeye ni lebo, atalipa masta na shoo ya uzinduzi na video moja, halafu rekodi zenyewe zinakuwa zake miaka 10 na sisi tunapata asilimia 30. Gitarist wetu anaona ni sawa kwa sababu sisi hatuna kitu. Mimi roho inakataa lakini sina hoja ya kumpa.

Kwa hivyo naomba mnisaidie hapo kwa huyo jamaa, na pia kama tutoe zote siku moja au tutoe moja moja, na kama kuna maana yoyote ya kutengeneza kitu cha kushika mkononi siku hizi ama tuweke tu mtandaoni tutulie. Asanteni mapema.

fundi_wa_ilala (Dar)

Mkuu kwanza hongereni sana, nyimbo 9 kwa hela zenu wenyewe si kitu kidogo, wengi wanaishia kwenye demo ya nyimbo mbili na mipango.

Sasa nikuambie kuhusu huyo jamaa, na nakuambia kama mtu aliyekaa nyuma ya mitambo miaka mingi na kuona mikataba ya kila aina ikisainiwa juu ya spika. Wimbo mmoja una haki mbili ndani yake na watu wengi wanazichanganya. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi, hiyo ni ya aliyetunga. Halafu kuna haki ya ile rekodi yenyewe, ndiyo tunayoiita masta, na kwa kawaida inakwenda kwa aliyegharamia kurekodi. Nyie mmeshagharamia. 187,000 mmetoa nyie. Kilichobaki ni ile kazi ya masta, kusawazisha sauti, ambayo kwa nyimbo 9 fundi mzuri hawezi kuwatoza hata theluthi ya mlichokwisha kutumia, halafu huyu anakuja mwishoni kabisa, nyumba imeshaezekwa, anataka hati ya nyumba kwa sababu amenunua rangi. Mwambie gitarist wako hivyohivyo.

Lakini kuna jambo naliogopa zaidi kuliko huyo jamaa, nalo ni nyie wenyewe. Mimi nilikuwa kwenye bendi, tulitoa albamu yetu ya kwanza vizuri kabisa, watu wakaipenda, na akaunti ya msambazaji wa mtandaoni, kampuni inayopeleka muziki Spotify na kwingineko, ikafunguliwa kwa barua pepe ya mwimbaji kwa sababu ndiye aliyekuwa na kadi ya benki siku hiyo. Ilikuwa ni ile ya kulipia kila mwaka. Mwaka wa pili tukagombana, sababu yenyewe ilikuwa hela ya nauli ya Arusha, siyo kitu, mwimbaji akaondoka, ada haikulipwa na muziki ukashushwa wote. Siku moja mtu ananiuliza mbona siwaoni, naingia naangalia, hamna kitu. Kazi ya miaka miwili haipo. Niliketi kwenye ngazi za nyumbani nikakosa hata la kumwambia mke wangu.

Kwa hiyo kabla hamjatoa kitu kaeni wanne, andikeni karatasi moja nani katunga nini na kila mmoja anapata ngapi, na mkiachana inakuwaje, sainini wote na kila mtu abaki na nakala. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya bendi na neno la siri mlijue angalau wawili. Kuhusu msambazaji, wapo wa kulipa kila mwaka, na wapo kama CD Baby ambao unalipa mara moja kwa kila kazi halafu wanakata asilimia 9 ya mapato. Kwa bendi ambayo hela yake inakuja kwa kubahatisha mimi napendekeza wa kulipa mara moja. Na zile namba za ISRC, za kuitambulisha rekodi, kila wimbo una yake, ziandikeni mahali pa kudumu, maana mkija kuhamia msambazaji mwingine mkazitumia zilezile hesabu ya wasikilizaji haianzi sifuri.

mama_wa_gigs (Nairobi)

@besi_na_mabati nadhani nimewaona nyinyi! Kama ni nyinyi mlipiga mwisho, umeme ukapotea na drama akaendelea gizani, basi mimi nilikuwa pale mbele.

Mimi si mwanamuziki, mimi ni mtu wa kulipa mlangoni, na nimekuwa nikilipa tangu enzi za XFM, ile redio ya rock. Wacha niwaambie vile mimi kama shabiki naona. Rock Nairobi haijawahi kuwa na watu wengi lakini wale wako ni walewale, wanakuja mvua ikinyesha, wanakuja mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi, na kila bendi hapa imefanya makosa ya kuwaruka hao watu ikakimbilia watu ambao hawajawahi kuisikia. Duma walitoka hapahapa kwa metal ya Nairobi, watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, wakaenda Kampala wakarekodi na lebo ya Nyege Nyege Tapes, albamu yao ya kwanza ikatoka 2020 na jina la bendi ni neno la Kikuyu, maana yake giza. Muziki ule hata radio ya hapa haingeugusa, ni kelele na kilio na drams za kompyuta zinazokimbia, lakini ulifika Ulaya kote kwa sababu hawakujaribu kuulainisha umpendeze mtu yeyote. Nasema hivi kwa sababu najua mtu atawaambia mpunguze gita ili muingie kwa radio. Msipunguze.

Kwa swali la moja moja au zote, toeni mbili kwanza, kila moja mwezi wake, halafu albamu nzima. Kuna sababu ya kawaida tu, pale Spotify kwa akaunti ya wasanii unaruhusiwa kupendekeza wimbo mmoja kwa wale wanaopanga orodha, na ni lazima uwe bado haujatoka, angalau siku 7 kabla. Mkitoa zote kwa mpigo mnapata nafasi moja tu. Mkitoa mbili halafu albamu mnapata tatu. Lakini msiishi kwa ndoto ya pesa ya huko, tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu, hata senti. Kwa bendi ya Kiswahili ya rock inayoanza, nyimbo kadhaa kwa hizo 9 zitakuwa chini ya hapo mwaka wa kwanza na si kwa sababu ni mbaya.

Ile ya mvua msiitoe kama singo. Nataka niipate ndani ya albamu, nikiwa nimefika hapo mwenyewe.

mtoto_wa_tazara (Mbeya)

Nimesoma hii toka juu nikaona lazima niandike, samahani itakuwa ndefu.

Umeuliza kama kuna maana ya kitu cha kushika mkononi. Baba yangu alikuwa fundi wa TAZARA hapa Mbeya tangu reli inaanza, na kila akipelekwa Kapiri Mposhi, mwisho wa reli kule Zambia, alirudi na vitu viwili, sabuni na santuri. Sabuni ziliisha. Santuri tunazo mpaka leo, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na mojawapo ni ya WITCH, bendi ya rock ya Zambia, ile ya 1975 iliyotolewa na kampuni ya Teal ya Ndola. Kwenye kava baba ameandika kwa kalamu ya bluu jina lake na "Kapiri 1977", na kuna alama ya duara ya kikombe cha chai. Mimi nimekua nikiisikia hiyo gita inayokoroma kama nyuki kwenye chupa bila kujua ni kina nani.

Nilipokua mkubwa nikatafuta. WITCH ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha tumekusudia kuleta vurugu, vijana wa Kopabeliti, Kitwe na kule kwenye migodi, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari, kutokana na Jagger wa Rolling Stones, wakalitamka kwa midomo yao wenyewe mpaka likawa lao. Miaka ile Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, sasa fikiria, nchi inadai muziki wake na hakuna hata kampuni ya kuutoa ipasavyo. Ndipo hawa vijana wakatoa albamu yao ya kwanza wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara ya Zambia. Mashine ya kuchapa santuri kwao hawakuwa nayo, kazi ikaletwa kuchapwa Nairobi. Kwenu hapo, @besi_na_mabati. Nakala chache tu, wakaziuza kwa mikono yao kwenye shoo, watu wanacheza, wakimaliza wananunua. Ya pili nayo wakatoa hivyohivyo kwa nguvu zao. Lebo ilikuja kwenye albamu ya tatu, watu walipokuwa wameshawajua. Na hawakuwa peke yao kuja huko kwenu, Musi-O-Tunya, bendi nyingine ya Zambia, wale wa Rikki Ililonga, walihamia Nairobi kabisa kwa kipindi na kurekodi huko.

Halafu mambo yakaharibika. Bei ya shaba ikaanguka, nchi ikakosa hela, amri za kutotoka usiku zikaja na bendi ya usiku italishwa na nini, watu wakaanza kupiga mchana. Baadaye ukimwi ukaja ukawamaliza karibu wote, Chris Mbewe wa gita, Gedeon Mwamulenga wa besi, Boidi Sinkala wa drams, wote wameondoka. Jagari akabaki, akafundisha muziki, mwisho akaenda kuchimba vito porini. Miaka na miaka hakuna mtu anayeuliza habari zao.

Kilichowarudisha ni zile santuri. Watu huko Marekani na Ulaya wakaanza kuziokota moja moja, wakashangaa hii ni nini, lebo ya Now-Again ya California ikamtafuta Jagari na mwaka 2012 ikatoa kazi zao za miaka ya 1970 kwenye boksi moja. Mzee akatolewa mgodini akapandishwa jukwaani akiwa na miaka zaidi ya 60, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, imerekodiwa Lusaka.

Ile ya kwanza haikurekodiwa vizuri, ukiisikiliza leo unasikia kabisa kwamba chumba kilikuwa chumba tu na hela ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Ilikuwepo nyumbani kwa mtu, kwenye sanduku, chini ya kitanda. @fundi_wa_ilala ameeleza hapo juu jinsi albamu yao ilivyofutika kwa sababu ada haikulipwa, nimelisoma hilo nikaumia kweli, kwa sababu hakukuwa na nakala hata moja nyumbani kwa mtu.

Tengenezeni kitu. Hata 50.

fundi_wa_ilala

@mtoto_wa_tazara kaka umenigusa. Mafaili ya ile albamu yetu yapo kwenye diski moja iliyokufa, nimeipeleka kwa mafundi wawili hawajaweza. Wiki hii naitafuta tena.

Wakuu naongeza hilo, mafaili ghafi, yale ya kila chombo peke yake kabla ya miksi, yaombeni studio leo, siyo kesho, muweke kwenye diski mbili na nyumba mbili tofauti.

besi_na_mabati

Wasee sijui niseme nini. Nimemsomea gitarist wetu hiyo ya nyumba na rangi akanyamaza dakika nzima halafu akasema "si ni ukweli". Leo jioni tunakaa wanne tuandike hiyo karatasi.

Na sikuwahi kujua hiyo ya WITCH kuchapwa hapa Nairobi. Nimekaa nayo siku mbili. Nimekuwa nikifikiria rock ni kitu tulichukua kutoka mbali, kumbe kuna vijana walisafirisha kazi yao kutoka Zambia kuja kuchapwa mitaa hii yetu kabla hata wazazi wangu hawajakutana.

Lakini 42,000 ndio hiyo. Santuri hatuwezi, nimeuliza, unaagiza nje na unaanzia nakala mia na kitu, bado meli na ushuru. Sidii naweza kuchoma hapa lakini nani ana redio ya sidii? Hata gari mpya hazina.

kinubi_cha_umeme (Mombasa)

Mimi nitasema tofauti na naomba msinirukie. Napenda hiyo hadithi ya Zambia na ninaheshimu, lakini mwaka huu mtu mwenye 42,000 aweke kwa video moja nzuri. Watu wanaona kabla ya kusikia. Kijana wa miaka 19 wa Likoni hajawahi kuona mtu wa rangi yake na lugha yake akipiga gita la namna hiyo, akiona dakika tatu tu kwa simu anabadilika, mimi nilibadilika hivyohivyo, niliona video moja kwa saiba ya Ukunda nikaenda nikauza baiskeli nikanunua gita. Hicho kitu cha mkononi kitamfikia vipi huyo kijana? Atakuja Nairobi kununua kwa shoo?

Pigeni video hapohapo kwa ukumbi wa kanisa, mabati na yote, simu mbili zenye kamera nzuri na taa za kukodi, mchana mmoja. Si lazima iwe ghali.

mama_wa_gigs

@kinubi_cha_umeme hapo umesema kweli na hakuna anayekurukia. Video ya ukumbini ningeitazama hata mara kumi.

meza_ya_mlangoni (Nairobi)

Nimechelewa lakini hili la vitu vya kuuza ndio kazi yangu, nimewauzia bendi tatu tofauti fulana na vitu kwa shoo, kwa hivyo nisikizeni hapa.

Sidii achana nayo. Tengeneza kijitabu. Karatasi A4 kumi zikikunjwa katikati unapata kurasa 40 ndogo, mashairi yote 9, picha za kurekodi, nani amepiga nini, na ukurasa wa mwisho alama ya kuskani ya kushusha albamu nzima. Weka kwa tovuti ya Bandcamp, wao wanakata asilimia 15 ya muziki na unaweza kutoa namba za siri za kushusha, kila kijitabu na namba yake, kwa hivyo aliyenunua anamiliki faili lenyewe kwa ubora kamili, hata akaunti ikifungwa kesho yeye anayo. Kava mnachapa kwa karatasi ngumu, mnakunja na kushona wenyewe kwa uzi. Si jambo geni, kule Washington mwaka 1980 Ian MacKaye na Jeff Nelson walipoanzisha lebo yao ya punk, Dischord, hawakuwa na pesa ya kava, walifungua kava moja ya santuri wakaichora ilivyokatwa, wakachapa karatasi wakakata na makasi na kugundisha na gundi moja moja, maelfu, wao na marafiki zao. Na lebo ingalipo.

River Road utapata wa kuchapa kwa bei nzuri lakini nenda na faili lako limepangwa tayari, na usiache kazi, simama hapo mpaka nakala ya kwanza itoke. Mimi niliwahi kuacha nikarudi jioni nikapata kurasa za 6 na 7 zimegeuzwa kichwa chini kwa nakala zote 80. Tukio hilo lilinifundisha kubeba sandwichi na kukaa.

Fulana chapeni 30 tu, na hapa wengi wanakosea, wanagawa saizi sawasawa. Kwa shoo za rock hapa inayoisha kwanza ni M na L, XL inabaki, na dada wengi wanauliza S na hawapati. Rangi nyeusi. Msiandike jina la albamu kubwa, jina la bendi ndio watu wanavaa.

Na meza isikae nyuma karibu na jukwaa. Iwe karibu na mlango wa kutokea, na taa yake, kwa sababu mtu anapotoka bado masikio yanalia ndio anataka kubeba kitu. Namba ya kulipia ya M-Pesa iandikwe kubwa kwa karatasi iliyofunikwa plastiki, na awepo mtu mmoja ambaye si memba wa bendi, anayekaa hapo tangu mlango unafunguliwa. Memba akimaliza kupiga amechoka, jasho, anasalimiwa na watu, hawezi kuhesabu pesa. Nyinyi mje tu baadaye mtie sahihi.

fundi_wa_ilala

Hii ya kijitabu nimeipenda sana. Mkuu ukifika kwenye masta mwambie fundi asikandamize. Spotify wenyewe wanashusha sauti hadi kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiponda kila kitu kiwe na kelele hupati chochote, unapoteza tu pumzi ya drams, na nyie mna mvua ya kulinda. Ile mvua ikikandamizwa itasikika kama redio isiyoshika stesheni.

Pia msajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla haijatoka, inafanyika mtandaoni. Na kumbukeni nyie ni watunzi, ni wapigaji, na ni wamiliki wa rekodi kwa wakati mmoja, huko kwenu kijadi ni vyama vitatu, MCSK, PRISK na KAMP. Angalieni KECOBO imempa nani leseni mwaka huu kabla hamjajiunga popote.

besi_na_mabati

Nimerudi, imepita wiki tatu, nimeona niwaambie vile imeenda kwa sababu nyinyi ndio mmetufikisha.

Huyo jamaa tulimwambia hapana. Hakufurahi lakini ameachana na sisi. Karatasi tumeandika, tulibishana saa nne juu ya wimbo wa sita kwa sababu melodi ni ya gitarist na maneno ni ya mwalimu na mimi nilikuwa naona ile laini ya besi ndio wimbo, mwisho tukagawa sawa sawa wote wanne kwa nyimbo zote tisa na tukaenda kula. Masta imetoka, 18,000, na mvua inasikika, ukivaa vipokea sauti unasikia matone ya kwanza upande wa kushoto kabla hayajawa mengi.

Video tulipiga ukumbini Jumamosi, binamu ya drama na simu yake. @kinubi_cha_umeme nitakutumia kabla haijatoka, na ule wimbo unaofungua umewekwa kwa ajili ya huyo kijana wa Likoni.

Vijitabu tumetengeneza 60. Nilisimama River Road kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, na mashine iligoma mara mbili. Tumeshona kwa uzi mweusi nyumbani kwa mamake mwalimu, yeye ndiye alitufunza kutoboa na sindano ya magunia kwanza ndio uzi upite bila karatasi kuraruka. Kila kimoja kina namba ya mkono. @meza_ya_mlangoni umesema uko Nairobi, tunaomba ukae kwa meza yetu siku ya uzinduzi, tutakulipa, na kama unajua mtu wa kutuazima meza ya kukunja tutashukuru maana yetu ina mguu mmoja umelegea.

meza_ya_mlangoni

Nakuja. Meza ninayo, na taa pia.

mtoto_wa_tazara

Nawaombea heri sana, kweli kabisa. Nitunzie kijitabu kimoja, nitatuma hela. Namba yoyote.

besi_na_mabati

Nimekuwekea namba 7. Kitapanda basi la Ijumaa usiku hadi Dar, una mtu wa kukipokea hapo ama nimpe @fundi_wa_ilala akusukumie Mbeya?

fundi_wa_ilala

Nipe mimi. Nitakisoma njiani kwanza.